Njaa iliyojificha kwenye shibe: Amandina Lihamba na deni la jukwaa kwa Njombe

Shuka kwenye basi Makambako msimu wa viazi: kulia chakula, kushoto chakula. Magunia ya viazi mviringo yamejazwa lumbesa, yametunishwa juu hadi kushonewa kofia ya neti, yamesimamishwa kando ya barabara kuu iendayo Tunduma yakisubiri fuso za Dar es Salaam. Akina mama wamepanga parachichi kwenye ndoo, karoti kwenye sado, kabichi kwenye turubai. Reli ya TAZARA inapita hapo hapo mjini, na hapo ndipo barabara ya Njombe na Songea inapoachana na ile ya Mbeya, kwa hiyo mzigo haukosi gari. Ukielekea kusini kilomita zipatazo sitini unaingia Njombe mjini, kwenye chai, miwati, misitu ya mbao na baridi ya Juni inayomfanya mgeni anunue sweta siku ile ile aliyofika. Mkoa huu uliomegwa kutoka Iringa mwaka 2012 unalisha miji ya mbali kila siku ya Mungu.

Katika mkoa huo huo, nusu ya watoto wamedumaa.

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulikuta kwamba asilimia 50.4 ya watoto wa Njombe walio chini ya miaka mitano ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Iringa, mama yake Njombe, ndiyo iliyoongoza nchi nzima kwa asilimia 56.9. Wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30. Miaka minne kabla ya hapo, utafiti wa lishe wa mwaka 2018 ulikuwa umeikuta Njombe kwenye asilimia 53.6. Kwa hiyo kuna kushuka, lakini ni kushuka kwa kusuasua, na kila asilimia moja hapo ni watoto wenye majina, wanaoanza darasa la kwanza wakiwa nyuma ya wenzao kabla hawajashika kalamu.

Kipimo chenyewe hakibahatishi. Mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili hulazwa chali kwenye ubao. Mhudumu mmoja anamshika kichwa kiguse upande wa juu, mwingine anamnyoosha magoti kwa kiganja na kusogeza kibao cha chini hadi kiguse nyayo. Mtoto anapiga kelele, mama anainama karibu na sikio lake kumbembeleza, na kabla machozi hayajakauka namba imeshasomwa na kuandikwa. Namba hiyo hulinganishwa na viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2006. Mara nyingi mama hushangaa. Mwanawe hana tumbo lililovimba, nywele hazijageuka rangi, anacheza, anakula akipewa. Jibu linalosikika sana ni kwamba huyu ni mfupi wa ukoo, hata babu yake yuko hivyo hivyo. Na ukimtazama pamoja na wenzake wa mtaa mzima huoni tofauti, kwa kuwa wenzake nao wamedumaa.

Hapo ndipo ugumu wa njaa ya Njombe ulipo. Njaa ya ukame huonekana: ng'ombe wanakufa, watu wanahama, malori ya msaada yanaingia. Hii ya Njombe inakaa ndani ya nyumba yenye ghala, kwa mama anayeamka alfajiri kwenda shambani au kuchuma chai na kurudi jua likizama, na mtoto aliyeachwa na dada yake wa miaka minane akipewa uji mweupe wa sembe mara mbili kwa siku. Huwezi kuiponya kwa kugawa magunia ya mahindi, kwa sababu mahindi yapo. Inabidi kwanza ionekane na wale wanaoishi nayo. Nchi hii ina watu waliotumia maisha yao yote kujifunza namna ya kuonyesha kisichoonekana, nao ni watu wa jukwaa. Ndiyo maana leo namleta Amandina Lihamba katika habari za Njombe.

Profesa Lihamba alizaliwa Morogoro mwaka 1944. Ni mwigizaji, mwandishi wa tamthiliya, mwongozaji na mwalimu, na kwa miongo mingi amefundisha sanaa za maonyesho Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako amewahi kuongoza idara na kuwa mkuu wa kitivo. Kizazi chake kiliingia kwenye sanaa wakati Azimio la Arusha la 1967 bado ni bichi, na swali lililokuwa mbele yao lilikuwa zito: sanaa ya maonyesho itamtumikia nani? Ukumbi wa maonyesho waliourithi kutoka kwa wakoloni ulikuwa wa watu wachache waliokaa kwenye viti wakiangalia michezo ya Kiingereza. Lihamba aliligeuza swali hilo kuwa kazi ya usomi, akalifanyia utafiti wa shahada ya uzamivu aliyoipata Leeds, Uingereza, mwaka 1985, kuhusu siasa na maonyesho Tanzania baada ya Azimio.

Hakubaki kwenye maktaba. Mwaka 1980 ilichapishwa tamthiliya yake Hawala ya Fedha, iliyotokana na kisa cha Sembene Ousmane wa Senegal. Kisa hicho ni cha mzee asiye na kazi anayeishi kwa kukopa chakula dukani, ambaye siku moja anapokea hawala kutoka kwa ndugu aliye Ulaya. Pesa ipo, karatasi anayo mkononi, majirani wote wameshasikia na kila mmoja amekuja na shida yake, lakini yeye hana kitambulisho cha kumwezesha kuichukua. Ofisi inamtuma kwenye ofisi nyingine. Mwisho wanaonufaika ni wajanja. Naona sababu ya mwigizaji wa Kitanzania kukipenda kisa hicho. Ni kisa cha umaskini uliozungukwa na mali isiyofikika, na mkulima wa viazi wa Wanging'ombe, hapo hapo Njombe, angemtambua mzee huyo mara moja. Naye anayo mali, ananunuliwa gunia la lumbesa kwa bei ya gunia la kawaida, na kilo zinazozidi juu ya zile mia moja za sheria zinakuwa sadaka kwa dalali.

Wengi nje ya chuo walimjua Lihamba kupitia filamu. Aliigiza katika Arusi ya Mariamu ya mwaka 1985, kisha katika Maangamizi ya mwaka 2001, iliyoongozwa na Martin Mhando na Ron Mulvihill, filamu ya kwanza kupelekwa na Tanzania kuwania tuzo ya Oscar ya filamu za kigeni. Humo Lihamba ni Samehe, mgonjwa katika hospitali ya akili ambaye amekaa miaka mingi bila kutamka neno. Kuigiza mtu asiyesema ni kazi ngumu kuliko kuigiza msemaji. Maneno yakiondolewa, mwigizaji anabaki na macho, mabega na namna ya kukaa, na kwa hivyo tu anatakiwa amfanye mtazamaji ahisi uzito wa yale ambayo mwanamke huyu ameyaona na kuyafungia ndani. Lihamba aliibeba nafasi hiyo bila kuitia chumvi, na mtazamaji anajikuta akimsubiri afungue kinywa.

Kazi yake nyingine, ambayo haikupigwa picha za kupendeza, ilikuwa kuwafanya watu wengine wafungue vinywa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 yeye, Penina Muhando Mlama na Eberhard Chambulikazi walikwenda Malya, mkoani Mwanza. Hawakwenda na mchezo ulioandikwa tayari. Walikaa na wanakijiji, wakauliza ni matatizo gani yanayowasumbua, wakasikia habari za wasichana wanaopata mimba wakiwa shule na vijana wasio na kazi, kisha wanakijiji wenyewe, kwa ngoma zao na maigizo yao, wakayaweka matatizo hayo uwanjani na kuyajadili mbele ya wote. Baada ya onyesho mjadala uliendelea, na lengo lilikuwa kuamua hatua. Mlama aliueleza mtindo huo katika kitabu alichokichapisha mwaka 1991, na leo wanafunzi wa sanaa kutoka Nairobi hadi Johannesburg wanausoma.

Kutoka hapo wawili hao, Mlama na Lihamba, waliingia kwenye maonyesho ya watoto, wakaanzisha mradi na matamasha ambamo watoto walitunga na kucheza wenyewe. Miaka ya 1990 ukazaliwa mpango wa Tuseme katika shule za sekondari, ambapo wasichana walitumia maigizo kueleza yanayowakwamisha masomoni, kuyachambua na kudai yarekebishwe. Mlama alipokwenda Nairobi kuliongoza shirika la FAWE linalotetea elimu ya wasichana, Tuseme ilivuka mipaka na kuingia nchi nyingine nyingi za Afrika. Mimi nahesabu huu kuwa mchango mkubwa wa Tanzania kwa bara hili, na inaniuma kwamba watoto wetu wanawajua waigizaji wa tamthilia za Uturuki kwa majina lakini hawajapata kusikia habari za wanawake hawa wawili.

Sasa turudi Nyanda za Juu Kusini, maana katika miaka hiyo hiyo ambayo Lihamba na wenzake walikuwa Malya, jambo lingine kubwa lilikuwa likifanyika huku. Mwaka 1983 Serikali, pamoja na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za Italia, ilianzisha mpango wa lishe katika Mkoa wa Iringa, ambao wakati huo ulizichukua Njombe, Makete na Ludewa. Ulianza katika vijiji 168. Kila kijiji kilichagua wahudumu wa afya wawili, mwanamume na mwanamke. Kila baada ya miezi mitatu watoto wote wa chini ya miaka mitano walipimwa uzito, wakining'inizwa kwenye mzani uliofungwa kwenye tawi au kwenye boriti, na matokeo hayakupelekwa mjini kwenye faili. Yalisomwa hapo hapo mbele ya wazazi na kupelekwa kwenye serikali ya kijiji: watoto wangapi wako kwenye eneo la kijivu la kadi, wangapi wameangukia kwenye jekundu, ni wa nyumba zipi, na tufanye nini.

Wataalamu waliuita mzunguko huo kutathmini, kuchambua na kutenda, kisha kutathmini tena. Kati ya 1984 na 1988 utapiamlo mkali katika vijiji hivyo ulishuka kutoka asilimia 6.3 hadi 1.8. Dunia ilishtuka. Mwaka 1990 UNICEF ilitoa mchoro wake mashuhuri wa sababu za utapiamlo, unaofundishwa hadi leo katika vyuo vya lishe kila mahali, na mizizi yake iko katika vijiji hivi vya Iringa na Njombe. Mchoro huo unasema kwamba chakula ni kimoja kati ya mambo matatu. Kingine ni matunzo, yaani muda na nguvu za mama na nani anamlisha mtoto mama asipokuwepo. Cha tatu ni afya na mazingira: maji, choo, malaria, kuhara. Ukiwa na ghala lililojaa na huna hivyo viwili, mtoto atadumaa. Bibi zetu wa Njombe ndio waliowafundisha wataalamu wa New York jambo hilo.

Tazama jinsi mambo haya mawili yanavyofanana. Malya watu wanakaa, wanatazama tatizo lao, wanalichambua uwanjani, wanaamua. Iringa watu wanakaa, wanatazama kadi za watoto wao, wanachambua, wanaamua. Muongo mmoja, nchi moja, imani moja kwamba mwanakijiji ana akili ya kulijua jambo lake akipewa nafasi ya kuliona. Tulikuwa na hazina mbili, na kwa muda mrefu tumeziacha zikae mbalimbali, moja idara ya sanaa, nyingine idara ya afya.

Msomaji atauliza: kama mpango ule ulifaulu, mbona Njombe bado iko kwenye asilimia 50? Swali halali. Kipimo cha siku zile kilikuwa uzito kwa umri, na mtoto anaweza kupata uzito wa kumtosha huku urefu wake umesimama. Fedha za wafadhili zilipokwisha, mikutano ya kila miezi mitatu ilidhoofika katika vijiji vingi. Kisha likaja janga la UKIMWI, ambalo lilipiga Njombe kuliko mkoa mwingine wowote wa Bara. Utafiti wa 2011/12 ulikuta asilimia 14.8 ya watu wazima wa Njombe wanaishi na virusi, na ule wa 2022/23 ukakuta asilimia 12.7. Nyuma ya namba hizo kuna nyumba zilizobaki na bibi na wajukuu watano. Bibi wa miaka sabini hawezi kulima ekari mbili, kuchota maji na kumlisha mtoto wa mwaka mmoja milo mitatu au minne kwa siku, kama inavyotakiwa kwa umri huo. Anafanya anachoweza.

Katika nyumba hizo ndipo njaa inapokutana na ukosefu wa makazi. Sio kila mjukuu hubaki. Kijana wa miaka kumi na miwili anashuka Makambako, kwa kuwa Makambako ni njia panda na njia panda ina kibarua: kubeba mizigo standi, kuuza maji na karanga kwenye madirisha ya mabasi, kulinda fuso usiku. Akikosa pa kulala anajikunja kwenye kibaraza cha duka, na upepo wa Makambako usiku si wa mchezo. Msichana anapata safari ndefu zaidi. Ni jambo linalojulikana nchi nzima kwamba ukitafuta hausigeli Dar es Salaam utaambiwa usubiri wa kutoka Iringa au Njombe, na watu hulitamka hilo bila haya, wakisifu kwamba wasichana wa huko ni wachapakazi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto hawezi kuajiriwa kabla ya miaka 14, na inamtaka mzazi au mlezi ampe chakula, malazi, mavazi na elimu. Mwajiri akimfukuza saa tatu usiku, msichana huyo yuko kwenye jiji asilolijua, hana nauli ya basi la Njombe. Kwangu mimi kumuita mtoto wa mtaani ni kumwonea, kwa sababu mtaa haukumzaa. Ana kwao, na kwao kunajulikana.

Dunia imewahi kuwaona waigizaji wakiacha kamera na kuingia kwenye vita dhidi ya njaa. Valerie Harper, aliyependwa na Wamarekani kwa nafasi yake ya Rhoda katika televisheni, mwaka 1983 alishirikiana na mwigizaji mwenzake Dennis Weaver kuanzisha shirika la kukusanya chakula na kuwagawia wenye njaa wa Los Angeles, jiji la matajiri wa sinema. Audrey Hepburn naye alizunguka Ethiopia mwaka 1988 na Somalia mwaka 1992 kwa niaba ya UNICEF, miezi michache tu kabla ya kufariki Januari 1993. Hepburn alikuwa anakijua alichokuwa anakizungumzia. Akiwa msichana alinusurika njaa ya Uholanzi ya majira ya baridi ya 1944 na 1945, Wajerumani walipozuia chakula na watu wapatao 20,000 wakafa. Wanasayansi walikuja kuwafuatilia waliokuwa tumboni mwa mama zao wakati wa njaa ile, wakawakuta utu uzimani wana maradhi ya moyo na kisukari kuliko wenzao. Watu hao walikula vizuri maisha yao yote baadaye. Deni lilikuwa limeshaandikwa. Ndiyo maana watu wa lishe wanasisitiza siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba hadi mtoto anapotimiza miaka miwili, na ndiyo maana chakula cha shuleni, kwa uzuri wake wote, kinamfikia mtoto wa Njombe akiwa amechelewa.

Nawaheshimu sana Harper na Hepburn. Lakini njia yao ilikuwa ya mtu mashuhuri anayetumia jina lake kuomba watu wengine watoe. Hiyo inafaa pale chakula kinapokosekana. Njombe inahitaji njia ya Lihamba, ya mwigizaji anayeweka jina lake pembeni na kumpisha mama mwenye kitenge chenye vumbi asimame katikati ya uwanja.

Wala sisemi jambo la kubuni. Serikali imeweka Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, ambayo inatakiwa kufanyika kila robo mwaka, ule ule utaratibu wa miaka ya 1980 ukirudi kwa jina jipya. Watoto wanapimwa, akina mama wanafundishwa mapishi, chungu kinawekwa jikoni, uji wa mfano unapikwa na kuonjwa. Ni kazi nzuri na wahudumu wa ngazi ya jamii wanaoibeba wanastahili heshima. Kasoro yake iko wazi kwa kila aliyewahi kuhudhuria: wanaume hawapo. Wako shambani, kwenye mbao, au wakati wa masika wako kwenye ulanzi, kwa kuwa huo ndio msimu mianzi inapogemwa na kinywaji kinapokuwa kingi na rahisi. Mama anafundishwa kwamba mtoto ale yai, maharage, dagaa, mboga za majani na parachichi. Anarudi nyumbani kwa mume ambaye hakusikia lolote, ambaye ndiye anayekubaliana bei na dalali, na ambaye ameshauza parachichi zote zilizo mtini.

Ngoma ingewaleta. Mtu wa Njombe anaposikia ngoma hatumiwi barua ya mwaliko. Sasa fikiria onyesho la kikundi cha kijiji, waigizaji wake ni watu wa hapo hapo, lugha yake Kiswahili kilichochanganyika na Kibena. Mwigizaji anaingia, anaamkia umati kamwene, umati unaitikia. Baba anauza lumbesa tatu. Dalali anakaza kamba, anasukuma viazi kwa goti ili vingi zaidi viingie, na watu wanacheka kwa sababu wamemwona mtu huyo wiki iliyopita. Baba anapokea pesa, anazihesabu, anazigawa: mbolea, deni la mbegu, michango, kilabuni. Mama anarudi na mzigo wa kuni kichwani, mwingine mgongoni ni mtoto. Chungu kiko mekoni, uji ni ule ule mweupe. Hapo mchezo unasimamishwa. Mwongozaji anawageukia wanaume waliokaa kwenye magogo na kuuliza: pesa ile mngeigawa vipi nyinyi? Aje mmoja achukue nafasi ya baba.

Atakuja. Kila mahali mtindo huu ulipofanyika kwa uaminifu, mtu amekuja. Na akishasimama pale mbele ya jirani zake na kusema kwamba mayai mawili kwa wiki hayawezi kumfilisi, amejifunga kwa kauli yake mwenyewe, jambo ambalo bango lililochapishwa Dodoma haliwezi kumfanyia.

Kuna jambo moja ninaloliogopa hapa, nalo ni kumlaumu mama. Michezo mingi ya afya tunayoiona inamwonyesha mama mzembe anayekemewa na nesi hadi anaelewa, watu wanapiga makofi, mchezo umekwisha. Hiyo ni hotuba iliyovalishwa kanga. Mama wa Njombe si mzembe, ni mtu aliyechoka. Lihamba na wenzake walituachia njia ya kuuliza nani mwingine yumo kwenye kisa: baba, dalali, mwenye shamba la chai anayepanga saa za kazi bila kufikiria mwenye mtoto anayenyonya, mwenyekiti wa kijiji ambaye kisima kimeharibika na hajakiitishia mkutano, tajiri wa Dar es Salaam anayeagiza hausigeli wa miaka kumi na mitatu. Wote hao wana nafasi zao za kuchezwa, na wapo Njombe na Makambako vijana wenye vipaji vya kuwacheza. Tunawaona kwenye harusi na kwenye mikutano ya siasa wakifanya ushereheshaji kwa posho ya soda.

Na watoto wa standi nao wapewe uwanja wao, kama vile wale wa matamasha ya Lihamba na Mlama walivyopewa. Mtoto anayelala kibarazani hajawahi kuulizwa kwa nini aliondoka nyumbani na ni nini kingemrudisha. Polisi humuuliza anatoka wapi, msamaria humuuliza kama amekula. Akipewa wiki chache za kutunga kisa chake na wenzake, kijiji alichotoka kingejiona kwenye jukwaa hilo, pamoja na bibi aliyebaki peke yake na shangazi aliyepokea nauli ya wakala.

Fedha zipo kwenye vitabu. Mkataba wa lishe uliosainiwa na wakuu wa mikoa mwaka 2017, kisha ukasainiwa upya Septemba 2022 mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan, unazitaka halmashauri zitenge angalau shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kila mwaka, na utekelezaji wake unapimwa na kutangazwa hadharani. Fedha hizo zinanunua matone ya vitamini A, zinalipa mafuta ya gari la usimamizi, zinagharimia vikao. Ombi langu kwa halmashauri sita za mkoa huu, kuanzia Makambako na Njombe Mji, ni kwamba sehemu ya fedha hiyo ilipe vikundi vya ngoma na maigizo vya vijiji, si kwa posho ya soda bali kwa malipo ya kazi, na kwamba viongozi wa vikundi hivyo wapate mafunzo kutoka kwa wanafunzi wa Lihamba, ambao wako Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na chuo cha sanaa cha TaSUBa kule Bagamoyo na wanaijua kazi. Afisa lishe na afisa utamaduni wa halmashauri wanafanya kazi kwa mwajiri mmoja. Siku ya lishe ya robo mwaka ijayo waende kijijini kwenye gari moja, mmoja na ubao wa kupimia, mwingine na ngoma.